Mlango wa Australia na Mahakimu Wake

Dominika moja baada ya Misa mama mmoja wa parokia yetu alitungojea karibu na mlango wa kanisa. Mtoto wake alikimbia vita, akakaa miaka mingi kambini Uganda, na kutoka kule akapelekwa Australia pamoja na mke na watoto, akapewa viza ya kudumu. Wakongo wengi wamepita njia hiyo. Sasa mama alikuwa amesikia redioni kwamba hata viza ya kudumu hufutwa. Akatuuliza: "Mwalimu, mtoto wangu akikosa kule, nani atamkata maneno, tribunali ao waziri?"

Hatukuwa na jibu fupi la kumpa. Jibu lenyewe ni historia ya miaka zaidi ya 90, nayo inaanza na mtu aliyeruka kutoka melini akavunjika mguu. Tumeahidi kumsimulia, na tulivyomsimulia ndivyo tunavyoandika hapa.

Kwanza sharti tueleze mlango ulivyofungwa. Mwaka 1901 makoloni sita ya Waingereza katika Australia yalijiunga kuwa taifa moja, na Bunge lao jipya, katika mwaka ule ule wa kwanza, likatunga sheria ya kuzuia wageni. Nia yao ilijulikana na kila mtu: walitaka nchi ya Wazungu watupu. Lakini serikali ya London haikupenda sheria iseme wazi kwamba Mwasia au Mwafrika asiingie, maana iliwatawala Wahindi wengi sana, tena ilitafuta urafiki wa Wajapani. Basi wakaazima hila iliyokwisha kutumika Natal, katika Afrika ya Kusini, tangu mwaka 1897. Mgeni hafukuzwi kwa sababu ya rangi; anafukuzwa kwa sababu ameshindwa mtihani. Ofisa humsomea maneno 50 katika lugha moja ya Ulaya, naye mgeni ayaandike sawasawa. Lugha anaichagua nani? Ofisa. Mtu akijua Kiingereza, asomewe Kifaransa. Akijua na Kifaransa, asomewe Kiswidi. Baada ya mwaka 1909 hakuna hata mmoja aliyeshinda mtihani ule.

Sisi tunaofundisha katekisimu tunajua mtihani ni nini. Mwalimu huuliza apate kujua kama mtoto ameelewa. Anayeuliza kusudi mtoto ashindwe, huyo si mwalimu, ni mlinzi wa mlango aliyevaa kanzu ya mwalimu.

Mwaka 1934 akafika Egon Erwin Kisch. Alizaliwa Praha mwaka 1885, katika jamaa ya Kiyahudi, akawa mwandishi wa magazeti mwenye sifa kubwa katika Ulaya, naye aliandika kwa Kijerumani. Hitler alipopata utawala mwaka 1933, Kisch alikamatwa Berlin, akatiwa gerezani Spandau, kisha akafukuzwa. Watu wa Australia waliokuwa wakifanya mkutano wa kupinga vita na ufashisti wakamwalika Melbourne awaeleze aliyoyaona. Tusifiche kitu: Kisch alikuwa mkomunisti, na wengi wa waliomwalika vilevile. Hatuandiki ili kuwasifu wakomunisti. Lakini mambo aliyotaka kusema juu ya Hitler yalikuwa kweli, na miaka mitano baadaye dunia nzima ililipa kwa damu.

Meli yake iliitwa Strathaird. Ilipotia nanga Fremantle, mwanzo wa mwezi Novemba, maofisa walipanda wakamwambia haruhusiwi kushuka. Mwanasheria Mkuu wa serikali, Robert Menzies, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu kwa miaka mingi, aliisimamia amri hiyo. Nahodha, Bwana Carter, akaagizwa amzuie melini. Meli ikaendelea mpaka Melbourne. Pale tarehe 13 Novemba, meli ilipokuwa ikiondoka gatini, Kisch akaupanda ukingo akajitupa chini, yapata meta 5, akaangukia gati. Mguu ukavunjika. Polisi wakamwinua wakamrudisha melini na mguu wake, na meli ikaenda zake Sydney.

Msomaji atauliza: aliruka kwa nini, naye ni mtu mwenye miaka karibu 50? Alitaka kukanyaga nchi. Mtu akiwa ndani ya meli, serikali husema: huyu bado yuko baharini, hatumjui. Akiwa juu ya nchi, hata kwa dakika moja, hata amelala chini na mguu umevunjika, kuna sheria inayomhusu. Neno hili tuliweke moyoni, maana serikali mbalimbali zimelitumia kinyume mpaka siku zetu.

Sydney mawakili wakaenda mbele ya hakimu wa Tribunali Kuu ya Australia, jina lake Evatt, wakaomba hati ya *habeas corpus*. Tuliosoma seminarini twafahamu Kilatini chake: "uwe na mwili wake". Ni amri ya hakimu kwa yeyote anayemzuia mtu, awe nahodha, awe mkuu wa gereza, awe waziri: Mlete mtu huyo mbele yangu, mwili na uhai wake, uniambie kwa sheria gani umemfunga. Hati hiyo haiulizi kama aliyefungwa ni mtu mwema. Inamwuliza mfungaji.

Na mfungaji alikosa jibu. Sheria ilimruhusu waziri kumkataza mgeni asiyetakiwa, lakini kwa sharti: awe amepata habari zake kutoka serikali ya Uingereza au serikali nyingine kwa njia rasmi. Karatasi za serikali hazikuonyesha kwamba sharti hilo limetimizwa. Tarehe 16 Novemba Evatt akaamua kwamba nahodha hana haki ya kumzuia Kisch. Aachwe huru.

Akashuka, na pale pale polisi wakamkamata tena. Ndipo walipoutoa ule mtihani. Lakini kwa lugha gani? Kisch alikuwa mtu wa lugha nyingi. Kumsomea Kijerumani au Kifaransa ni kumfungulia mlango. Wakatafuta, wakampata polisi mmoja aliyezaliwa Skotlandi, wakamwambia amsomee Kigaeli, lugha ya zamani ya Waskoti wa milimani. Kisch hakuandika. Wakamwandika "mhamiaji aliyekatazwa", wakampeleka mbele ya hakimu wa chini, akahukumiwa kifungo cha miezi 6.

Hapa kuna jambo ambalo kila tukilisimulia watu hucheka, kisha wananyamaza. Polisi yule wa Kigaeli alipohojiwa na wakili, akapewa maneno ya Kigaeli ayafasiri. Maneno yenyewe yalikuwa sehemu ya Sala ya Bwana, pale tunapoomba juu ya kishawishi. Mtahini akashindwa kuyafasiri. Basi mgeni alihukumiwa kwa kutojua lugha ambayo mtahini mwenyewe hakuijua vizuri hata ya kusali Baba Yetu.

Rufani ikapanda Tribunali Kuu. Tarehe 19 Desemba 1934 mahakimu wanne kati ya watano wakakubaliana: sheria inasema "lugha ya Ulaya", na maana yake ni lugha inayotumika kwa kawaida na jumla ya watu katika nchi fulani ya Ulaya kwa mambo yao yote. Kigaeli wakati ule kilisemwa na watu wachache wa milima na visiwa vya kaskazini, karibu wote wakijua Kiingereza pia. Kwa hiyo mtihani ni batili na kifungo ni batili. Waskoti wa Sydney walikasirika sana, wakaandika barua kali gazetini kuwatetea babu zao. Hatuwalaumu. Hata sisi tungesikiaje tribunali ikitangaza kwamba Kibembe au Kihemba si lugha ya Afrika? (Tena tumejiuliza kama Kilatini kingepita. Tunadhani kingeanguka, ijapokuwa mapadre wangekuwa mashahidi.)

Serikali haikuchoka. Ilirudi mara ya tatu na tangazo jipya, safari hii limeandikwa sawasawa, Kisch akashtakiwa tena. Lakini muda ule wote alikuwa huru kwa dhamana, akitembea na magongo, akihutubia watu maelfu na maelfu ambao labda wasingejua jina lake kama angeachwa ashuke Fremantle kwa amani. Mwishoni pande mbili zikapatana: yeye aondoke, serikali iache hukumu na kulipa garama zake za kesi. Aliondoka mwezi Machi 1935, akaandika kitabu juu ya safari yake.

Tumekaa sana na Kisch kwa sababu yote yaliyofuata yamo ndani ya kesi yake kama mti ndani ya mbegu. Hakimu anafungua, waziri anafunga kwa ufunguo mwingine.

Mwaka 1949 zamu ilikuwa ya mama wa watoto wanane, Annie O'Keefe. Yeye na mume wake wa kwanza walitoka visiwa vya Indonesia, wakaja Australia mwaka 1942 wakikimbia jeshi la Japani. Mume akafa katika ajali ya ndege mwaka 1944, wakati wa vita, akiwatumikia Waholanzi. Mjane akaolewa na mwenyeji wa Australia. Waziri wa uhamiaji, Arthur Calwell, akaamuru aondoke na watoto wake, kwa kuwa hakuwa Mzungu. Calwell huyo alikuwa Mkatoliki mwenye ibada kweli. Baadaye Roma ilimpa nishani ya Mtakatifu Gregori. Tunaandika hivyo kwa uchungu, lakini historia haifichi watu wa nyumbani. Tribunali Kuu ikampa mama haki. Mtihani wa lugha uliweza kutolewa ndani ya miaka 5 ya kwanza tu, nayo ilikwisha pita. Na hati za muda alizoandikiwa baadaye hazikuwa na nguvu, maana hakuwahi kuwa mhamiaji aliyekatazwa. Haikupita miezi mingi, Bunge likatunga sheria mpya ya kuwaondoa wakimbizi wa vita, na mwezi Desemba Tribunali ikaikubali sheria hiyo. Mama aliokolewa na kura tu: mwezi ule ule serikali ya Calwell ilishindwa katika uchaguzi, na serikali mpya ikawaacha wengi wakae. Mkuu wa serikali mpya alikuwa nani? Ni Menzies yule yule.

Mtihani wa lugha ulifutwa mwaka 1958. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka ule, iliyobadilishwa mara nyingi mno, ndiyo inayotumika mpaka leo, na kidogo kidogo siasa ya Wazungu watupu ikafa. Viza ikawa neno kubwa. Mwenye viza hukaa. Asiye na viza hufungwa mpaka aondolewe.

Kufungwa huku sharti tukueleze vizuri, kwa kuwa mama yetu hapo ndipo aliposhtuka. Si kifungo cha mkosaji. Hakuna hakimu aliyekihukumu, hakina idadi ya miezi. Mwisho wa mwaka 1989 na mwanzo wa mwaka 1990 mashua zilileta watu wa Kambodia walioomba ukimbizi. Waliwekwa kizuizini, wakangoja zaidi ya miaka 2. Siku ya kesi yao ya kuomba kuachiliwa ilipokaribia, mwezi Mei 1992, Bunge likapitisha kwa haraka sheria ya kwamba watu wa mashua sharti wafungwe, na tribunali isiamuru waachiliwe. Msomaji aangalie maneno hayo: walitaka kuifunga na ile hati ya *habeas corpus* yenyewe.

Mwezi Desemba mwaka huo Tribunali Kuu ikajibu, katika kesi iitwayo Lim. Ikasema neno kubwa: kumfunga mtu ili kumwadhibu ni kazi ya tribunali peke yake, si ya waziri. Kifungu cha kuwakataza mahakimu wasimwachilie mtu kikafutwa. Lakini serikali inaruhusiwa kumzuia mgeni kwa kadiri inavyohitajika ili kumsafirisha au kuchunguza maombi yake. Kwa hiyo Wakambodia hawakufunguliwa. Sheria ya 1992 ilikuwa na kikomo cha siku 273 za kungoja. Mwaka 1994 hata kikomo hicho kikaondolewa.

Je, mtu ambaye hakuna nchi inayomtaka? Swali hili lilifika mwaka 2004 na kijana aliyezaliwa Kuwait kwa wazazi Wapalestina, kesi inayojulikana kwa jina lake, Al-Kateb. Alifika kwa mashua mwezi Desemba 2000, akanyimwa viza. Hakung'ang'ania. Aliandika mwenyewe kwamba aondolewe. Serikali ikauliza nchi moja baada ya nyingine, hakuna iliyompokea, maana hakuwa na taifa. Sheria ilisema afungwe mpaka aondolewe. Neno lote lilikuwa juu ya hilo "mpaka". Kama hakuna mahali pa kumpeleka, "mpaka" inakwisha lini? Tarehe 6 Agosti 2004 mahakimu wanne walisema: sheria ni wazi, anaweza kukaa ndani miaka isiyojulikana. Watatu walikataa. Hakimu mmoja wa wale wanne alikiri kwamba hali ya kijana ni msiba, lakini akaona si kazi ya hakimu kuondoa msiba ulioandikwa na Bunge. Tumelifikiri jibu hilo mara nyingi. Hatuwezi kusema lilikuwa la mtu mbaya, wala kusema kwamba lilitosha. Kijana mwenyewe alitolewa kizuizini kwa huruma ya waziri, akapata viza ya kudumu mwaka 2007. Hukumu ilibaki kwa miaka 19 juu ya vichwa vya wengine.

Katika miaka hiyo wengi waliofungwa si watu wa mashua. Tangu mwisho wa mwaka 2014 sheria inasema: mgeni akiwa gerezani kwa kosa, naye amekwisha kuhukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, viza yake inafutwa bila shaka, ijapokuwa ni ya kudumu, ijapokuwa alikuja mtoto. Anamaliza adhabu ya hakimu, kisha mlangoni mwa buloko anangojwa na gari la uhamiaji. Anaweza kuomba waziri amrudishie viza, na akikataliwa aende tribunali. Ndilo jibu tulilompa mama: wote wawili watamkata maneno, lakini mmoja baada ya mwingine, na waziri ana mikono miwili.

Mikono hiyo dunia nzima iliiona mwezi Januari 2022, alipofika Melbourne Novak Djokovic, bingwa wa tenisi, asiyechanjwa chanjo ya Korona. Viza yake ilifutwa alfajiri uwanja wa ndege. Tarehe 10 hakimu akaamuru arudishiwe: maofisa walimwambia ana muda mpaka saa 2 na nusu asubuhi atoe maelezo, nao wakafuta kabla ya saa ile. Tarehe 14 waziri akaifuta tena kwa uwezo wake mwenyewe. Tarehe 16 mahakimu watatu wakasema uwezo huo ni halali, akaondoka jioni ile. Hoteli alimozuiwa ilikuwa na wakimbizi waliokwisha kuwa kizuizini miaka 8 na 9. Yeye alipata mahakimu wanne katika siku 11.

Hukumu ya mwaka 2004 ilianguka tarehe 8 Novemba 2023. Aliyeiangusha anaitwa kwa herufi tu, NZYQ: Mrohingya wa Myanmar asiye na taifa, aliyefika mwaka 2012, akafanya kosa baya sana juu ya mtoto, akafungwa kwa haki, na alipotoka gerezani mwaka 2018 akaingizwa kizuizini cha uhamiaji. Hakuna nchi iliyomtaka. Mahakimu wote saba walisema: ikiwa hakuna tumaini la kweli la kumpeleka popote katika wakati unaoonekana, kufungwa kwake ni adhabu, na adhabu ni kazi ya tribunali, naye amekwisha kuimaliza. Walirudi kwenye maneno ya kesi ya Wakambodia. Watu zaidi ya 140 wakafunguliwa katika majuma machache, wengine wao wenye makosa mazito. Watu wa Australia waliogopa, na hatuwacheki. Mzazi yeyote angeogopa.

Bunge lilifanya kazi usiku na mchana. Siku chache tu, sheria mpya: waliofunguliwa wavae chuma cha elektroniki mguuni, na usiku wasitoke nyumbani. Tarehe 6 Novemba 2024 Tribunali Kuu ikafuta masharti hayo kama yalivyoandikwa, ikisema nayo ni adhabu isiyotoka kwa hakimu. Kesho yake serikali ikatoa kanuni mpya zenye masharti kama hayo, zimefinywa kidogo. Mwezi ule ule Bunge likaruhusu serikali ilipe nchi nyingine ziwapokee watu hao. Mwaka 2025 kisiwa cha Nauru, chenye eneo la kilometa 21 za mraba, kikakubali kwa malipo, na watu watatu wakachaguliwa watangulie. Mmoja wao akapeleka shauri lake tribunali.